Umehamia saiti pembezoni mwa Dar? Hivi ndo unapanga ulinzi wa nyumba na wa watu wako

Hii ni kwa wale tuliokimbia kodi za Sinza na Tabata tukaenda kujenga Msongola, Mvuti, Mabwepande, Kisarawe Two, Kimbiji, Pemba Mnazi, yani kule kiwanja kilikuwa bei nzuri alafu ukishahamia ndo unagundua usiku una giza la kweli, jirani yuko mita mia mbili, na katikati yenu kuna mikorosho na mapagale matatu ambayo wenyewe hawajulikani wako wapi.

Kitu kimoja kwanza, mengine yote yanatokea hapo. Huku polisi hawafiki dakika tano, na sio kwamba hawataki, barabara yenyewe mvua ikipiga hata bodaboda anakataa kuja. Kwa hiyo hesabu yako yote ni ya muda: mwizi atatumia dakika ngapi kuingia ndani, na jirani atatumia dakika ngapi kufika kwako. Ya kwanza uirefushe, ya pili uifupishe. Wengi wetu tunahangaika na ya kwanza tu, mtu anapandisha ukuta kama wa gereza alafu jirani yake hata jina hamjui.

HATUA YA KWANZA: NENDA KWA MJUMBE KABLA HUJAHAMISHA GODORO

Sio masihara. Nenda kwa mjumbe, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji, andikwa kwenye daftari la wakazi. Ukiwa pale uliza mambo matatu: ulinzi shirikishi (vijana wa mtaa wanaolinda usiku kwa mchango wenu) upo au umekufa, polisi kata ni nani na namba yake ni ipi, na tukio la mwisho la wizi mtaani lilikuwa la nini na waliingilia wapi. Hilo la tatu ndo dhahabu, maana wezi wa eneo wana mazoea yao. Kuna mitaa wanaiba pampu za maji na mitungi ya gesi, kuna mitaa wao ni kuku na mbuzi, kuna kwingine wanavua simu dirishani, na kuna kwingine wanakuja kundi na mapanga. Ukishajua yenu ni ipi unajua hela yako ya ulinzi uipeleke wapi, sio unanunua kamera wakati wenzio wote wameibiwa mota za kisima.

Ulinzi shirikishi ukiwepo, lipa mchango na udai risiti. Najua watu wanalalamika kwamba vijana wanalala, ni kweli wengine wanalala, lakini hata hao wanaolala kelele zikianza wanaamka wakiwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Na kama hamna, itisheni kikao mkiwa hata nyumba sita. Wasukuma walianzisha sungusungu miaka ya 1980 mwanzoni bila kamera wala WhatsApp, mtu akipiga yowe kijiji kizima kinatoka, na wezi wa ng'ombe walipata shida sana. Hicho cha kutoka ndo unakitafuta. Ila mkubaliane mapema na serikali ya mtaa na polisi kata nani anatembea usiku na anatambulikaje, msije mkakamatana wenyewe kwa wenyewe.

Alafu jitambulishe kwa watu wa kijiweni. Bodaboda wa njia panda na mama wa chapati wanajua kila sura inayopita, mgeni akizunguka zunguka mara mbili wao ndo wanaona wa kwanza. Mtu wa kule ukimsalimia kila siku na kumuungisha chapati, siku akiona kitu atakupigia. Usiposalimia, atanyamaza tu, na huwezi kumlaumu.

Mapagale ya jirani usiyaache hivi hivi. Mwenyekiti mara nyingi ana namba ya mwenye kiwanja, mwambieni azibe milango kwa matofali au bati, au aweke mtu akae. Pagale wazi ni chumba cha kusubiria, wanakaa humo tangu saa mbili usiku wanakuangalia unazima taa.

HATUA YA PILI: IZUNGUKE NYUMBA YAKO USIKU, BILA TOCHI

Toka nje saa tatu usiku, mmoja abaki ndani, zunguka nyumba ukijiuliza ningekuwa mimi mwizi ningepita wapi. Utaona mengi. Ngazi ya fundi imeegeshwa ukutani, tenki la maji liko sambamba na paa, tawi la mwembe linagusa bati, sururu na nondo zimelala nyuma ya jiko. Vifaa vya ujenzi vilivyoachwa nje ndo vinavyotumika kuvunja mlango wa mwenyewe, mwizi wala hahitaji kubeba chake. Jembe, panga, shoka, sururu, vyote viingie stoo na stoo ifungwe.

Majani kata mpaka mbali kidogo na nyumba. Utapunguza maficho na utapunguza nyoka, maana huku swila na koboko ni wakazi wenzetu.

Na angalia kutoka nje: unaona nini ndani? Kama TV kubwa inaonekana mpaka barabarani basi pazia lako ni pambo tu.

HATUA YA TATU: MILANGO NA MADIRISHA

Mlango wa mbele watu wanaweka mninga mzito, mlango wa jikoni wanaweka plywood. Sasa mwizi anapita wapi? Milango yote ya nje iwe na nguvu sawa. Angalia fremu kabla ya kitasa, maana kitasa kizuri kwenye fremu iliyoshikwa na misumari miwili ni bure, teke moja inatoka yote. Fremu ishikwe vizuri ukutani, alafu ndani ongeza komeo la chuma juu na chini. Mlango wa grili kwa nje ukiweka, bawaba zichomelewe ili pini isitoke.

Madirisha ya aluminium ya kuteleza yana ugonjwa wake, mengine yananyanyuliwa yanatoka. Kata mti au bomba uweke kwenye reli kwa ndani, halitelezi tena. Grili ya flat bar nyembamba wanaipanua kwa jeki ya gari kimya kimya, kwa hiyo mwambie fundi aweke nondo nene au pipe, zishikane pengi, na ziingie ukutani sio kufungwa kwa skrubu nje ambazo mtu anazifungua kwa bisibisi huku anapiga mluzi.

Kuvua dirishani bado kupo sana, mtu ana fimbo ndefu na ndoano, wewe umelala na dirisha wazi sababu ya joto la Dar, anavuta suruali, simu, funguo za gari. Kitanda kikae mbali na dirisha, simu ichajiwe upande wa pili wa chumba, funguo zisining'inie mahali zinaonekana.

Na hili la kupulizwa dawa. Kila mtu ana hadithi kwamba walipulizwa wakalala fofofo. Mimi nina wasiwasi nalo. Hospitali kumlaza mtu kwa dawa ya usingizi kunataka kipimo na mtaalamu anayekaa anaangalia pumzi, sasa mtu wa dirishani na kopo la dawa awalaze watu watano, madirisha wazi, wote waamke salama asubuhi? Mara nyingi tulikuwa tumechoka tu na feni inapiga kelele. Nalisema kwa sababu ukiamini dawa unaacha kurekebisha komeo.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hawakuambii: moto. Nyumba zetu tumezifunga grili kila dirisha, ukitokea moto sebuleni saa nane usiku na mlango ndo uko huko huko, watu wanafia chumbani wameshika nondo na majirani wako nje wanawaona. Angalau dirisha moja upande wa vyumba vya kulala, ikiwezekana kila chumba, grili yake iwe ya kufunguka na kufuli kwa ndani. Ufunguo uning'inie ukutani karibu lakini mbali na mkono au fimbo ya mtu wa nje, na watoto wafundishwe kufungua gizani. Jaribuni kweli, sio kwa maneno, maana kufuli la ukanda wa pwani likikaa miezi sita bila oili linashika kutu. Zimamoto ni 114.

HATUA YA NNE: UKUTA, UZIO, TAA NA KELELE

Maoni yangu kuhusu ukuta mrefu wa tofali huku porini: sio lazima, na wakati mwingine unakuumiza. Mwizi akisharuka akawa ndani, ule ukuta unamficha yeye. Anakata grili yako nusu saa na hakuna anayepita njiani atakayemuona. Kama hela ni ya mawazo, afadhali grili imara, mbwa na taa kwanza, ukuta baadaye. Seng'enge na michongoma iliyokatwa vizuri inafika kiunoni mpaka kifuani, inachoma, na jirani anaona uani kwako. Minyaa nayo inakua haraka bila maji lakini utomvu wake ukiingia machoni ni balaa, kama una watoto wadogo fikiria mara mbili. Ukishajenga ukuta tayari, hakikisha geti lina sehemu ya kuchungulia, na miti isiwe karibu na ukuta.

Taa za sola zenye sensa ndo rafiki wa huku, hazitegemei TANESCO wala LUKU kuisha. Ziweke juu ambapo mkono haufiki, moja geti, moja mlango wa nyuma, moja upande wa dirisha la choo. Futa vumbi kwenye paneli, huku vumbi la barabara linaziua mapema.

Hapa sasa soma taratibu. Ujanja mkubwa wa wezi wa kwetu ni kukutoa nje kwa miguu yako mwenyewe. Umeme unakatika ghafla saa tisa usiku, wewe unatoka kuangalia mein swichi, kumbe wameizima wao na wanakusubiri kwenye kona. Au bomba la nje linafunguliwa, maji yanamwagika, na wewe unawaza bili ya DAWASA. Au kuku wanapiga kelele, au mtu anagonga anasema amepata ajali. Kanuni ni hii: umeme ukikatika chungulia kwanza dirishani uone taa za majirani. Za kwao zinawaka? Usifungue mlango, piga simu. Maji acha yamwagike mpaka asubuhi. Aliyegonga ongea naye kwa dirishani, kama ni ajali kweli mpigie mjumbe na bodaboda waje wengi, msaada anapata na mlango haujafunguka. Na boksi la mein swichi kama liko nje liwekee kufuli, ila ufunguo uwe mahali unaupata haraka, ikitokea shoti usianze kutafuta.

Mbwa. Hata wa kienyeji anatosha, kazi yake kubwa ni kubweka sio kung'ata. Wawili ni bora kuliko mmoja. Mchana afungwe bandani asizoeane na kila mpita njia, usiku aachiwe, chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na azoeshwe kula kwenye bakuli lake kutoka kwa watu wa nyumbani tu, maana nyama yenye sumu kurushwa ukutani ni kawaida. Ukikuta mbwa wako amekufa ghafla asubuhi bila kuumwa, siku hiyo hiyo waambie majirani, kuna mtu ana mpango na nyumba yako.

Kanga na bata bukini usiwadharau. Wanapiga kelele kuliko kengele ya kununua, hawali umeme, na kanga mayai yake unauza.

HATUA YA TANO: WANAOJUA NYUMBA YAKO

Mtu anayejua TV iko wapi na mama anatoka saa ngapi hakuanguka toka mbinguni. Ni fundi, ni kibarua wa kisima, ni binti aliyeondoka kwa ugomvi, ni shemeji. Sisemi umtilie kila mtu shaka, maisha hayaendi hivyo. Ila mlinzi au dada wa kazi aje na barua ya mtaa anakotoka, chukua nakala ya kitambulisho, mpeleke kwa mjumbe aonekane, na umlipe kwa wakati. Mlinzi mwenye njaa na mshahara wa miezi miwili nyuma huyo sio mlinzi. Fundi akimaliza kazi na alikuwa na funguo, badilisha kitasa, sio gharama kubwa.

Desemba ndo msimu. Watu wanaenda kuhesabiwa Moshi, wengine Bukoba, Mbeya, na kila kona ya safari wanatupia status: tupo Korogwe tunakula, tupo Same. Hongera, umeshatangaza nyumba iko tupu mpaka tarehe mbili. Picha tuma ukirudi. Kabla hujaondoka muachie jirani unayemuamini, awashe taa jioni, afagie uwanja, aanike hata nguo mbili kwenye kamba. Uwanja wenye majani makavu ya wiki nzima unaongea.

Hela taslimu usiweke ndani, hasa ya kikoba, maana wanakikoba wote wanajua wiki hii iko kwa nani.

HATUA YA SITA: MPANGO WA USIKU WA FAMILIA

Chagueni chumba kimoja chenye mlango imara na komeo la ndani. Humo kuna simu ya kitochi imechajiwa na ina salio (simu janja usiku inaisha chaji au iko kwenye dirisha imeshavuliwa), filimbi, tochi, maji, na karatasi yenye namba kubwa kubwa: jirani wa kwanza, jirani wa pili, mjumbe, polisi kata, kituo, 112. Grupu la WhatsApp la mtaa ni zuri kwa taarifa za mchana, usiku watu wamezima data, we piga.

Kelele zikianza, wote mnaingia chumba hicho. Kila mtoto ajue. Mmoja anapiga simu, mwingine anapuliza filimbi, mwingine anagonga sufuria kwenye nondo za dirisha na kupiga yowe. Kupiga yowe peke yako bila kuwa mmekubaliana na majirani watu wanadhani ni ugomvi wa mke na mume wanageuka upande wa pili wanalala. Kwa hiyo kubalianeni ishara, mfano filimbi ndefu tatu ni wezi, na filimbi mfululizo ni moto, na anayesikia kwanza anapuliza yake, anawasha taa za nje, alafu wanatoka wakiwa wengi pamoja, sio mmoja mmoja.

HATUA YA SABA: WAKISHAINGIA, AU WAKIKUKUTA NJIANI

Mwaka 2022 Panya Road, yale makundi ya vijana wenye mapanga, waliposumbua jiji, pembezoni kama Chanika nako kukaumia, watu wengi walinunua mapanga ya kuweka chini ya kitanda. Mimi sishauri utoke nalo. Wewe umetoka usingizini, uko peke yako, wao ni vijana wanane wamejiandaa. Panga lako litakuwa la tisa kwao. Kaa nyuma ya mlango uliofungwa, huyo mlango ndo silaha yako, kila dakika unayoshinda humo majirani wanakaribia.

Wakikufikia na wana silaha, toa. Simu, hela, laptop, toa. Usiwakazie macho usoni, usitaje jina hata ukimtambua mmoja, hapo ndo wengi wanauawa. Angalia viatu, kovu, lafudhi, wanaitanaje, utaeleza kesho.

Kupigana ni pale tu mtu amekuja kukudhuru mwili na hamna pa kukimbilia. Mikono miwili ilinde kichwa na shingo, piga kwa kiwiko, goti, kiganja puani, na ukipata upenyo wa sekunde moja kimbia kuelekea kwenye watu au taa, usibaki kumalizia. Dada zangu hasa, kelele iende na pigo pamoja.

Njiani ukitoka daladala usiku, bodaboda awe wa kijiwe chenu unayemjua, na mpigie wa nyumbani ukiwa unakaribia ili taa iwashwe na mtu asimame tayari ndani. Ukiona pikipiki imesimama karibu na geti lako bila sababu, pita moja kwa moja nenda kwa jirani. Mwenye gari hivyo hivyo, usishuke kufungua geti kabla hujaangalia nyuma.

Sheria nayo uijue. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali, lakini nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika. Ukizidisha na mtu akafa unaweza kusimama kizimbani kwa kuua bila kukusudia. Na mwizi ambaye ameshakamatwa, kafungwa kamba, huyo hakushambulii tena, mnaompiga tofali na kumvisha tairi mnaua, kesi yake ni mauaji na kila aliyeshika jiwe yumo. Raia anaruhusiwa kumkamata, alafu anampeleka polisi bila kuchelewa. Bastola au shotgun ni mpaka uwe na leseni kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na gobore la babu lisilosajiliwa litakufunga wewe kabla ya mwizi.

HATUA YA MWISHO: ASUBUHI YAKE

Usifagie. Usiguse mlango waliovunja, piga picha kila kitu kwanza, mwite mjumbe aone. Aliyeumia aende hospitali, na PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, ichukuliwe polisi, bila hiyo kesi ya kujeruhiwa inalegea. Kituoni andikisha maelezo uchukue namba ya RB, yani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Hapa ndo utajua umuhimu wa kuwa na risiti za EFD na namba za vifaa. IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, unaipata kwa kubonyeza *#06#, iandike leo kwenye daftari, picha ya risiti na ya kadi ya pikipiki itume kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Laini zifungwe haraka kwa mtandao husika, na akaunti ya hela kwenye simu nayo, kabla ya kitu kingine chochote, maana saa moja inatosha kukopa kwa jina lako. Na fundi wa kuchomelea aje siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, hata kama ni kwa kukopa. Wanajua umetikisika, wanajua mlango umevunjika, na wanajua utanunua TV mpya. Wiki ya pili ndo wanapenda kurudi.